Viashiria vya kujitengenezea: tunaweza kusoma mwelekeo wa siku chache wa soko la hisa la Nairobi?

#1 KaskaziPwani

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki humu kuna anayeuliza RSI (kipimo cha nguvu ya kupanda na kushuka kwa bei) ya Safaricom iko wapi leo, na kila wiki anajibiwa kwa picha ya chati yenye mistari ya rangi. Sina ugomvi na chati. Ninachotaka tujadili ni kama mistari ile inapima chochote cha kweli ikiletwa kwenye soko letu, na kama mtu mwenye Excel na subira anaweza kujitengenezea kiashiria kinacholijua soko la Nairobi kuliko vile vinavyokuja tayari ndani ya programu.

Kumbukeni kwamba hata vile vikubwa vilianza kwa mtu mmoja kukaa na karatasi yake. Richard Arms alitoa kipimo chake 1967: anachukua idadi ya hisa zilizopanda kwa zilizoshuka, halafu anauliza wingi wa biashara umekwenda upande gani. Mwaka 1969 mume na mke, Sherman na Marian McClellan, walichukua hesabu ya kila siku ya soko la New York, hisa zilizopanda ukitoa zilizoshuka, wakailainisha kwa wastani wa siku 19 na wa siku 39, kisha wakatazama tofauti ya hizo mbili. RSI ya J. Welles Wilder ikaja 1978. Kila mmoja alikuwa akilitazama soko lake siku baada ya siku, na kipimo kikatoka humo.

Sasa njoo Nairobi. Kampuni zilizoorodheshwa ni sitini na kitu. Siku ya kawaida fedha nyingi hupita kwa chache: Safaricom, Equity, KCB, EABL, Co-operative. Nyingine hukaa siku nzima bila kuuzwa hata hisa moja, na bei inayoandikwa jioni ni ya jana, pengine ya juma lililopita. RSI haijui hilo. Itapokea bei iliyolala na kuihesabu kama siku ya utulivu. Siku mtu mmoja akinunua hisa mia mbili kwa bei ya juu, itasema nguvu zimeingia.

Kwa hiyo mimi nimeacha kupima bei ya hisa moja moja. Napima upana, yaani ni kampuni ngapi zinakwenda pamoja, na nazihesabu zile tu zilizofanya biashara ya maana siku hiyo. Hesabu yangu ni hii:

Kila jioni, kwa kila kampuni, nalinganisha mauzo ya leo kwa shilingi na mauzo yake ya katikati kwa siku 60 zilizopita (ile ya katikati ukizipanga, si wastani, kwa sababu biashara moja kubwa huharibu wastani). Kama ya leo haifiki nusu, kampuni hiyo siihesabu leo. Zilizobaki nazigawa: zimepanda, zimeshuka, zimesimama. Tuseme 30 zimepita kichujio, 17 zimepanda, 9 zimeshuka na 4 zimesimama. Kumi na saba toa tisa ni nane, gawa kwa thelathini, napata 0.27. Namba hiyo haiwezi kuvuka +1 wala -1. Naichukulia wastani wa siku tano.

Safu ya pili ni fedha: katika mauzo yote ya siku, sehemu gani ilikwenda kwa hisa zilizopanda. Hapa kila kampuni naiwekea dari ya asilimia 20 ya jumla, la sivyo Safaricom inameza kila kitu. Kuna miaka ambayo peke yake ilizidi nusu ya thamani ya soko lote, na fahirisi ya NASI, yaani namba moja inayopima soko lote, ambayo tangu 2008 inabeba kampuni zote kwa thamani zao, ikawa kama chati yake yenyewe.

Safu ya tatu ni wageni. Ripoti za kila siku za mawakala huonyesha wawekezaji wa nje wamenunua kiasi gani na wameuza kiasi gani. Naandika tofauti.

Ninavyotumia: upana wa siku tano ukiwa juu ya +0.3 na fedha zikikubaliana nao, naona siku chache zijazo ni nzuri kwa aliyekuwa ameshaamua kununua. Ukiwa chini ya -0.3, nangoja. Katikati, sisemi kitu.

Nawaomba mkikosoe kwa nguvu zote. Kiashiria kisichokosolewa hakina faida kwa mtu.

#2 Chipukizi_Thika

Mkuu, shukrani kwa uzi. Swali la anayeanza: data hiyo natoa wapi bila kulipia mitambo ya gharama? Na ni lazima nijue kuandika programu?

#3 KaskaziPwani

Hapana, ndugu yangu. Orodha ya bei ya siku hutolewa na mawakala wengi, na ina bei, idadi ya hisa na mauzo. Mimi naiingiza kwa mkono, na nakushauri nawe uanze kwa mkono. Ukishaandika namba za kampuni hizo zote kwa macho yako mwezi mzima, utaanza kujua ipi inafanya biashara kweli na ipi imelala, na ujuzi huo programu haikupi.

#4 MwalimuHesabu

KaskaziPwani, kazi nzuri. Naomba nilete jambo moja ambalo naona limewapoteza wengi waliojaribu viashiria Nairobi, na humu sijaona likijadiliwa.

Bei ya kufunga ya soko letu si bei ya biashara ya mwisho. Ni wastani wa bei za siku nzima, kila bei ikipewa uzito kulingana na idadi ya hisa zilizouzwa kwa bei hiyo. Watu wanaijua sheria hii lakini hawafikirii inafanya nini ndani ya Excel yao.

Chukua hisa iliyouzwa kwa shilingi 20 asubuhi yote. Alasiri inapanda hadi 21 na kuuzwa hapo kwa kiasi kilekile. Bei ya kufunga itaandikwa 20.50. Kesho inakaa 21 kutwa nzima, haitikisiki. Bei ya kufunga: 21. Ukitazama chati unaona siku mbili za kupanda, na kiashiria chako kinasema nguvu ya jana imeendelea leo. Ukweli ni kwamba kupanda kote kulitokea alasiri moja. Ukijaribu mbinu yako kwa data ya nyuma, Excel itakubali umenunua kwa 20.50 jioni ile. Nenda sokoni saa tisa kasoro ukaitafute hiyo 20.50. Haipo. Wauzaji wako 21.

Si kisa cha hisa moja. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Holbrook Working, alionyesha kwa hesabu kwamba ukichukua bei inayotembea ovyo kabisa, isiyo na mwelekeo wowote, kisha ukaifanya kuwa wastani wa kila kipindi, mabadiliko ya wastani hizo yanaonekana kufuatana, na uhusiano unakaribia 0.25. Bei haina kumbukumbu, lakini wastani wake unaonekana una kumbukumbu. Kwa hiyo Nairobi kila mbinu ya "iliyopanda jana itapanda leo" itapendeza kwenye karatasi, hata kama soko lenyewe halina siri yoyote.

Ongeza bei zilizolala. Habari njema ikija leo, Safaricom na Equity hupanda leo. Kampuni isiyouzwa mpaka keshokutwa itaandika kupanda kwake keshokutwa. Fahirisi nzima inaonekana kuendelea kupanda, kumbe ni habari ileile inayofika kwa kuchelewa.

Dawa yake haina ugumu. Ishara ikitoka Jumatatu jioni, usijipe bei ya Jumatatu. Jipe wastani wa Jumanne, kwa sababu mtu anayegawa oda yake siku nzima anaweza kuikaribia, na faida uipime kuanzia hapo kwenda mbele. Ule uhusiano wa bandia ni wa siku inayofuata moja kwa moja. Ukiruka siku hiyo, unatoweka karibu wote. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kujadili.

#5 KaskaziPwani

> MwalimuHesabu ameandika: Jipe wastani wa Jumanne

Mwalimu, hili lilistahili uzi wake. Ndivyo nilivyopanga jedwali langu, ila sikuwa na maelezo ya kwa nini pengo kati ya kipimo cha Jumatatu na cha Jumanne ni kubwa namna ile. Sasa kila anayesoma ajaribu njia zote mbili, aweke safu zake kando kwa kando. Tofauti ya safu hizo ni faida ambayo haikuwahi kuwepo.

Nadhani pia ndiyo sababu ya kichujio cha mauzo. Kampuni iliyolala haipati kura mpaka iamke.

#6 DadaHazina

Kaka KaskaziPwani, Mwalimu, nimewasoma. Nauliza jambo la mfukoni. Wakala, soko, hazina ya hisa na mamlaka ya masoko ya mitaji wote wana chao katika kila biashara. Kwa mwekezaji mdogo jumla hukaribia asilimia 2 akinunua na karibu 2 nyingine akiuza. Shilingi 100,000 zikiingia na kutoka, karibu 4,000 zimekwenda kabla bei haijasogea.

Hisa gani ya Nairobi inasogea asilimia 4 ndani ya siku tano mara kwa mara, kwa upande uliotabiri, na ukaweza kuingia na kutoka bila kuisukuma bei wewe mwenyewe? Tangu Novemba 2021 tunaruhusiwa kununua na kuuza hisa ileile siku hiyohiyo, na kuna vijana walidhani ndiyo ajira imepatikana. Gharama hazikuwaruhusu.

Na fedha iliyokaa pembeni ina mahali pa kwenda. Hati za Hazina, yaani mikopo ya muda mfupi ya serikali, zinauzwa kwa mnada kila wiki, na hata mfuko wa soko la fedha unalipa. Mbinu ishindane na hizo, isishindane na sifuri.

#7 KaskaziPwani

Dada, uko sahihi, na ndiyo maana niliandika "kwa aliyekuwa ameshaamua kununua". Kiashiria hiki sikitumii kuingia na kutoka. Mtu anayeweka akiba ya hisa kila mwezi analipa gharama ya kununua hata hivyo. Anachoweza kuchagua ni wiki gani ya mwezi aweke oda, na aiweke kwa bei ya sasa au aiweke chini kidogo angoje wauzaji wamjie. Hapo mwelekeo wa siku chache una thamani, kwa sababu haumwongezei gharama yoyote.

Anayetaka kupata asilimia 1 kwa kuruka ndani na nje, hesabu yako imemjibu.

#8 Mzizima_Hisa

Salaam kutoka Dar. Nimefuatilia kwa hamu, nami nataka kusema upana wa kuhesabu kampuni kwetu haufai, na ni vizuri mtu asiubebe tu kuuleta DSE, soko la hisa la Dar es Salaam.

Soko letu lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, TOL. Hadi leo kampuni hazijafika hata nusu ya za Nairobi, na baadhi ni za Kenya zilizoorodheshwa kwetu pia, kama KCB na EABL. Hizo zimo kwenye DSEI, fahirisi ya soko letu lote, kwa bei za kwao. Kwa hiyo siku DSEI ikishuka, unaweza kukuta Dar hakuna aliyeuza chochote, ni Nairobi iliyoshuka. Mtu akijenga kiashiria juu ya DSEI akidhani anapima wawekezaji wa Tanzania, anapima jirani. Tumieni TSI, ile ya kampuni za ndani peke yake.

Ninachofanya mimi ni kutazama oda zinazosubiri kwa hisa za benki za CRDB na NMB. Wanunuzi wanataka hisa ngapi, wauzaji wameweka ngapi, na uwiano huo umebadilikaje kwa siku kadhaa. Kwenye soko jembamba, foleni ya oda inasema mapema kuliko bei. Lakini lazima uondoe zile biashara kubwa zilizopangwa kati ya mnunuzi na muuzaji kabla ya kuletwa sokoni. Siku moja mauzo yanaruka mara ishirini, magazeti yanaandika soko limechangamka, kumbe mifuko miwili imebadilishana hisa kwa bei waliyokubaliana.

#9 Chipukizi_Thika

Mkuu Mzizima, oda zinaweza kuwekwa na kuondolewa. Unajuaje si za kutishia?

#10 Mzizima_Hisa

Swali zuri, mdogo wangu. Sihesabu oda zilizo mbali na bei ya sasa. Na sihesabu oda ya siku moja. Iliyokaa siku tatu karibu na bei, mwenyewe akiwa hajaiondoa, hiyo ina nia. Anayetishia hapendi kukaa mahali anapoweza kuuziwa kweli.

#11 BaridiToronto

Wakuu, mimi niko Kanada na fedha yangu ya hisa iko New York, ila asili yangu ni Voi na nasoma hapa kila siku. Naleta mfano wa kipimo cha upana kilichofanyiwa kazi miaka mingi, ili tuone kinatoa nini na hakitoi nini.

Martin Zweig, mchambuzi wa hisa wa Marekani, alitazama hisa zilizopanda ukigawa kwa jumla ya zilizopanda na zilizoshuka, kwa wastani wa siku 10 unaozipa uzito zaidi siku za karibuni. Ishara yake: wastani huo uwe umeshuka chini ya 0.40, kisha upande juu ya 0.615 ndani ya siku 10 za biashara. Maana yake soko limetoka kwenye hofu kuingia kwenye kununua kwa pamoja, haraka sana. Ni nadra. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru mpya, S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa za huko, ikaanguka karibu asilimia 5 tarehe 3 na karibu 6 tarehe 4, halafu tarehe 9 ikaruka asilimia 9.5 kwa siku moja. Ishara ya Zweig ikatoka tarehe 24. Mwisho wa Juni fahirisi ilikuwa imefika kilele kipya.

Watu walishangilia. Lakini ishara hiyohiyo ilitoka pia Oktoba 2015, na Februari 2016 soko lilikuwa chini zaidi ya siku ile. Kwa hiyo hata kipimo chenye jina kubwa, kwa soko lenye maelfu ya hisa, kinasema tu kwamba uwezekano umeegemea upande mmoja.

Je, kaka KaskaziPwani, umejaribu 0.40 na 0.615 Nairobi?

#12 MwalimuHesabu

Naomba nimjibu BaridiToronto kabla ya mwenye uzi, kwa sababu hapa pana hesabu.

Namba zile za Zweig hazihami. Tuseme soko halina mwelekeo, kila hisa ina nafasi sawa ya kupanda au kushuka, na kila moja inakwenda kivyake. Ukiwa na hisa 3,000, sehemu iliyopanda itayumba kwa takriban 0.009 kutoka 0.50 kwa bahati tu. Ukiwa na hisa 40, itayumba kwa takriban 0.08. Yaani Nairobi siku ya bahati tupu, bila habari yoyote, inaweza kugusa 0.60 na zaidi. Kwa kweli hisa haziendi kila moja kivyake, kwa hiyo mayumbo ni makubwa kuliko hayo kwa masoko yote mawili, lakini pengo kati yao linabaki.

Ndiyo maana mipaka ya +0.3 na -0.3 ya KaskaziPwani nayo nataka ithibitishwe. Ilichaguliwa kabla ya kutazama matokeo au baada?

#13 KaskaziPwani

Kabla, Mwalimu. Niliitoa kwenye miaka ya nyuma nikiangalia tu mgawanyo wa namba zenyewe, bila kugusa faida: nilitaka mpaka ambao upana unauvuka kwa nadra, si kila juma. Kisha nikaufunga. Sijausogeza tangu hapo na sitausogeza, hata nikiona 0.25 ingenipa zaidi. Mtu akijaribu mipaka hamsini dhidi ya data ileile, lazima mmoja utang'aa, na hautang'aa tena mwaka unaofuata.

BaridiToronto, hilo ndilo jibu langu kwako pia. Nimechukua wazo la Zweig, namba zake nimemwachia.

#14 Karani_wa_Zamani

Nimefanya kazi upande wa makaratasi wa biashara ya hisa miaka mingi, Nairobi. Nitasema machache kuhusu data, maana naona mnajenga nyumba nzuri na sijui kama mmechungulia msingi.

Magawio. Hisa ikishapita siku ya mwisho ya kustahili gawio, bei hushuka kwa sababu mnunuzi mpya hapati. Standard Chartered ya Nairobi kwa mwaka 2024 ililipa jumla ya shilingi 45 kwa hisa, na 37 kati ya hizo zilikuwa gawio la mwisho. Hebu waza hisa ya mamia ya shilingi inayopungukiwa 37 kwa mpigo. Kiashiria kitaiandika imeporomoka, kumbe mwenye hisa hajapoteza kitu. Mabenki yetu mengi hufunga vitabu vya gawio, yaani orodha ya wanaostahili kulipwa, katika miezi inayokaribiana baada ya matokeo ya mwaka, kwa hiyo upana wako utapata huzuni ya uongo kila msimu huo. Siku hiyo, iongezee bei gawio kabla ya kuamua imepanda au imeshuka. Vivyo hivyo kwa hisa za nyongeza na mgawanyo wa hisa.

Kampuni zilizosimamishwa. Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 ikarudi Januari 2025. Miaka yote hiyo ilikuwa kwenye orodha na bei yake. Mwenye kugawa kwa idadi ya walioorodheshwa badala ya waliouzwa, alikuwa anaibeba maiti kwenye hesabu. Kichujio cha KaskaziPwani kinalimaliza hili, nampongeza.

Wageni. Safu ya tatu ndiyo ninayoiogopa. MSCI, kampuni ya kimataifa inayotengeneza fahirisi za hisa, hupitia fahirisi zake Februari, Mei, Agosti na Novemba, na mifuko inayoifuata hununua au kuuza Safaricom, Equity na KCB kwa sababu uzito umebadilika, siyo kwa sababu ina maoni. Siku hizo mauzo ya wageni ni makubwa na hayana ujumbe. Ziondoe. Na kuna kipindi cha uhaba wa dola, hasa 2023, ambapo wageni walikuwa wakitafuta mlango wa kutoka na kubadilisha fedha. Ilipofika Februari 2024, serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kulipia ile iliyokuwa inaiva Juni, shilingi ikapata nguvu, dola ikatoka karibu shilingi 160 ikashuka hadi karibu 130 ndani ya wiki chache. Kabla na baada ya hapo, namba ileile ya "wageni wameuza milioni 200" haina maana moja. Kabla ilikuwa hofu ya nchi. Baada yake inaweza kuwa mtu anachukua faida yake.

Mtu akichanganya vipindi hivyo kwenye jaribio moja, wastani atakaoupata hauelezi kipindi chochote.

#15 DadaHazina

Mzee wangu, asante sana kwa hili. Basi kuna safu ya nne mnaisahau: riba. Benki Kuu ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kukishusha Agosti 2024 na ikaendelea mwaka 2025. Mimi naamini mengi ya yaliyoonekana kama "nguvu ya soko" kipindi kile ni fedha iliyokuwa kwenye hati za Hazina ikitafuta mahali pengine riba ilipopungua. Matokeo ya mnada wa hati za siku 91, 182 na 364 yanatoka kila wiki, bure. Mabadiliko ya riba ya mnada kwa wiki nne ni kiashiria cha nyumbani ambacho hata mtoto wa sekondari anaweza kukihesabu.

#16 MwalimuHesabu

Nakubaliana na dada, ila hicho ni cha miezi. Kwa siku tano hakitakuambia kitu. Kiweke kama hali ya hewa ya jumla: upana ukisema ndiyo wakati riba zinashuka, uamini zaidi. Ukisema ndiyo wakati riba zinapanda, punguza ukubwa wa oda.

#17 Chipukizi_Thika

Swali langu la mwisho. Tarehe 13 Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa Kenya, fahirisi ya NSE 20, ya kampuni ishirini za soko la Nairobi, ilianguka zaidi ya asilimia 5 na biashara ikasimamishwa siku hiyo. Kiashiria chako kingeonya?

#18 KaskaziPwani

Hapana. Hakuna hesabu ya bei za jana inayojua tangazo la leo. Kilichokuwa kinaonekana wiki zile ni kwamba dunia nzima ilikuwa inauza, na wageni kwetu walikuwa wakiuza pia. Mwenye kusoma safu ya tatu angekuwa ameshaacha kununua. Lakini anguko la siku ile lilikuja na habari, na atakayekuambia kiashiria chake kililiona, mwombe akuonyeshe alikiandika wapi tarehe 12.

Hapo ndipo napotaka twende, wakuu. Tuandike kabla. Kila jioni baada ya orodha ya bei kutoka, mwenye kiashiria aweke hapa namba yake na neno moja: nzuri, mbaya, au kimya. Tunapima kuanzia wastani wa siku inayofuata hadi wastani wa siku tano baadaye, kwa NASI na pia kwa wastani wa kampuni zote bila uzito, ili Safaricom isitubebe. Magawio yanarudishwa kama alivyosema Karani. Siku za MSCI hazihesabiwi. Hakuna kubadili kanuni katikati. Anayetaka kubadili aanze safu mpya yenye jina jipya, ya zamani ibaki ikionekana.

Tukifika mwisho wa mwaka tukakuta "nzuri" na "mbaya" hazitofautiani kwa zaidi ya bahati, nitasema hadharani kwamba upana wa Nairobi hauna ujumbe wa siku tano, na mtu asipoteze jioni zake. Nami nitakuwa nimefurahi kujua.

#19 Mzizima_Hisa

Nimo. Nitaweka ya TSI kwa foleni za CRDB na NMB. Ruhusuni yangu iwe ya siku kumi badala ya tano, kwa sababu kwetu oda yenyewe inaweza kuchukua siku tatu kujaa.

#20 Karani_wa_Zamani

Nitaleta tarehe za kufunga vitabu vya magawio kila mwezi, kwa kampuni zote, kabla mwezi haujaanza. Tafadhali msizichukue mitandaoni bila kuangalia tangazo la kampuni yenyewe.

#21 MwalimuHesabu

Nami nitaweka safu ya sarafu: kila jioni natupa shilingi, kichwa ni "nzuri", mwenge ni "mbaya". Tutaihesabu kwa kanuni zilezile. Kiashiria chochote kitakachoshindwa kuizidi hiyo kwa mwaka mzima tutajua nafasi yake.

#22 Chipukizi_Thika

Nimeanza kuingiza bei za leo. Wakala wangu hajaandika mauzo kwa shilingi, ameandika idadi ya hisa tu. Nizidishe kwa bei ya kufunga?

#23 KaskaziPwani

Ndiyo, zidisha. Kwa kuwa bei ya kufunga Nairobi ni wastani wenyewe, ukizidisha kwa idadi ya hisa unapata mauzo halisi ya siku, tofauti itakuwa ya senti za kukaribisha namba. Kwa Dar usifanye hivyo bila kumuuliza Mzizima kwanza.

Upana wa leo: 0.12. Kimya.